Malaika Mwenye Miguu Miwili ya Kushoto

"Kitendawili!"

Sauti ya Bibi Scolastica ilitoka chini kwenye sakafu, ikapanda ngazi baada ya ngazi mpaka juu ya jukwaa, walikokuwa watu watatu, na wawili kati yao hawakutaka kutazamana.

"Tega, Bibi," alijibu Lonia, maana hapakuwa na mwingine wa kujibu. Baba yake, Fundi Gervaso, alikuwa amempa kisogo Lazzaro mchoraji. Lazzaro naye alikuwa amempa kisogo Fundi Gervaso. Katikati yao, mahali pasipotosha hata paka kujinyoosha, alisimama Lonia na ndoo ya maji.

"Ana mabawa, si ndege. Ana miguu miwili, yote ya kushoto. Angekanyaga chini angezunguka kama jiwe la kusagia."

"Popo."

"Wapi!"

"Bata aliyelewa."

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Milano."

"Milano ya nini, ukungu mtupu? Nipe Genova hii hii, yenye dagaa."

"Haya, chukua Genova."

Bibi Scolastica, mama yake Gervaso, akaweka chini sufuria yake ya ugali wa njano, akanyoosha mwiko kuelekea darini. "Ni huyo hapo, juu ya dirisha la magharibi. Inueni vichwa vyenu, enyi mafundi wakubwa, mumwone mtoto wenu."

Wakainua vichwa. Kutoka jukwaani mtu huona kidole kimoja kimoja, unyoya mmoja mmoja; ndiyo sababu hawakuwa wameona. Fundi Gervaso alishuka ngazi hadi sakafuni, akatazama juu, akavua kofia yake, akaivaa tena. Lazzaro alishuka kwa ngazi ya upande wa pili, ili wasipishane, na Lonia akafuata na ndoo yake.

Ilikuwa Ijumaa, mwishoni mwa Novemba. Mtoto wa kiume wa Bi Mkubwa Violante, mwenye jumba hilo, alikuwa anaoa Jumatatu, na chumba kile kilikuwa cha maharusi. Mama mtu alitaka wakifumbua macho asubuhi waone mbingu. Kwa miezi minane Fundi Gervaso alikuwa akiifinyanga mbingu hiyo kwa chokaa na unga wa marumaru: vishada vya zabibu, makome, watoto wanono walioning'inia pembeni wakicheka. Lazzaro alichora mawingu na watu wa peponi kwenye lipu mbichi. Na juu ya kila dirisha, yako mawili, kazi za wanaume hao zilikutana katika mwili mmoja. Malaika alichorwa kwa rangi mpaka gotini. Kuanzia goti, mguu wake mmoja ulitoka nje ya picha, mguu wa lipu kabisa, ukaning'inia hewani kama wa mtu aliyeketi ukingoni mwa daraja.

Malaika wa mashariki alikuwa mzima. Huyu wa magharibi alitakiwa awe pacha wake, ametazama upande wa pili: mguu wa kushoto ukunjwe juu ya wingu, wa kulia uning'inie. Lazzaro alichora wa kushoto umekunjwa, sawasawa. Fundi Gervaso, siku tatu kabla, alikuwa amefinyanga ule wa kuning'inia na kuufunika kwa magunia ya maji ili ukauke taratibu. Magunia yalikuwa yametolewa asubuhi hiyo. Na kidole gumba cha mguu ule kilikuwa upande usio wake.

"Mwambie mchoraji," alisema Fundi Gervaso, macho darini, "kwamba amekosea."

"Lazzaro, baba anasema..."

"Nimesikia. Mwambie fundi kwamba mimi nimechora kama karatasi inavyosema."

"Baba, Lazzaro anasema..."

"Mimi si kiziwi! Mwambie karatasi niliyopewa mimi ilisema hivi nilivyofanya. Mwambie nilianza kufinyanga miguu ya malaika yeye hajaota meno."

"Mwambie..."

"Mtanimaliza sauti, nyie!" alisema Lonia.

Hivyo ndivyo walivyoishi tangu Jumapili moja ya Oktoba, Lazzaro alipokuja jikoni kwao na kofia mkononi, shati limepigwa pasi, akamwomba Fundi Gervaso binti yake Apollonia, yule waliyezoea kumwita Lonia. Fundi Gervaso alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sisi wa bonde la Intelvi hatuozi mjini. Binti wa mpiga lipu huolewa na mpiga lipu. Nyie watu wa rangi ni watu wa juujuu; mtu akiwakwangua kidogo tu, chini anakuta kazi yangu." Akafungua mlango. Kuanzia siku hiyo hakumsemesha tena, ingawa kutwa nzima walipumua vumbi moja.

Na kule bondeni, kijijini Laino, alikuwepo Protasio, mtoto wa mchoma chokaa, aliyetajwa kuwa wa Lonia tangu Lonia ana miaka kumi na mitano. Sasa alikuwa na ishirini na mmoja. Protasio hakuwa na ubaya. Alikuwa na meno yote na ng'ombe wanne, na kila majira ya baridi mafundi waliporudi kutoka mijini alimuuliza Lonia swali lile lile: kama alisafiri salama. Akishajibiwa, hakuwa na la pili.

Jumatatu walikuwa wanaondoka. Mafundi wote wa bondeni huondoka kabla theluji haijafunga njia za milimani. Lonia alikuwa amehesabu siku hizo kama mgonjwa anavyohesabu matone ya dawa: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Baada ya hapo kungekuwa na harusi mbili mwaka huo, ya hapa na ya kule, na katika ile ya kule yeye ndiye angevikwa taji la maua.

"Nani aligeuza karatasi?" aliuliza Fundi Gervaso. Safari hii hakusema "mwambie". Aliuliza chumba kizima.

Lonia akaweka ndoo chini.

Alijua. Alijua tangu Bibi aliponyoosha mwiko. Lazzaro huchora kwenye karatasi kubwa, na Lonia hutoboa mistari yote kwa sindano, tundu kando ya tundu. Karatasi ikishikizwa ukutani na kugongwagongwa kwa kifuko cha vumbi la mkaa, mchoro hubaki kwenye lipu kwa vitone vyeusi. Karatasi ya baba yake huwekwa chini ya ile ya kwanza, ikatobolewa kwa matundu yale yale. Lakini matundu hayana mbele wala nyuma. Ukigeuza karatasi, malaika naye hugeuka. Kwa hiyo Lonia hufunga uzi mwekundu pembeni, upande wa mbele, na kabla ya kutoboa huangalia uzi kwanza.

Wiki iliyopita hakuangalia. Wiki iliyopita baba yake alikwenda kuchagua marumaru ya kusaga, Bibi akasinzia kwenye kiti, na Lazzaro akainama upande wa pili wa meza, akasema kwa sauti ndogo, "Lonia. Ingekuwa ni wewe unayeulizwa, si baba yako. Ungejibu nini?"

Lonia alinyanyua karatasi akajifunika uso.

Nyuma ya Lazzaro kulikuwa na dirisha na jua la saa nne. Mwanga ukapita kwenye matundu, ukatua shingoni na mashavuni mwake.

"Una nyota usoni," alisema Lazzaro, akichungulia kando ya karatasi. "Subiri nihesabu. Moja, mbili..."

"Ningejibu ndiyo," alisema Lonia kutoka nyuma ya karatasi.

"Umesema?"

"Ndiyo. Usinifanye niseme mara tatu."

"Hiyo ilikuwa ya pili tu."

Karatasi ilirudi mezani, wala hakuna aliyejali imelalia upande gani. Ndipo Lonia akatoboa nakala ya baba yake, akitabasamu peke yake kama mwehu.

Sasa akafungua kinywa. Lakini Lazzaro alimtangulia.

"Ni mimi," alisema. "Nilizipanga karatasi vibaya. Kosa ni langu."

Uso wa Fundi Gervaso ukang'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Mmesikia? Mama, umesikia? Huyu ndiye nimpe mwanangu! Mtu asiyejua mbele na nyuma ya karatasi! Jumatatu tunaondoka, na jina lake nisilisikie njiani, nisilisikie nyumbani."

Lazzaro alichukua nyundo na patasi kwenye sanduku, akaanza kupanda ngazi. Mchoro ndio utakaovunjwa, wote walielewa. Na ule haukuwa mchoro wa kawaida. Jana yake, alipoumaliza uso wa malaika, alikaa chini akautazama muda mrefu, akamwambia Lonia, "Huu sijui nimeupataje. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikiambiwa niurudie, sitaweza."

Alikuwa amefika ngazi ya tano.

"Baba, anadanganya," alisema Lonia. "Ni mimi niliyegeuza karatasi."

"Lonia, nyamaza," alisema Lazzaro.

"Sinyamazi. Sikuangalia uzi, Baba. Siku ile uliyokwenda kwenye marumaru. Aliniuliza kama ningekubali, nikajifunika uso kwa karatasi kwa aibu, nikajibu ndiyo. Nilipoirudisha mezani sikujua mbele wala nyuma. Kosa ni la mikono yangu hii. Na ndiyo ile, sijaifuta. Niliisema na bado naisema."

Chini ya dirisha, farasi wa gari la mtu fulani alikohoa.

Fundi Gervaso alimtazama binti yake, akamtazama Lazzaro kule ngazini. Mtu mwenye hasira hupenda hasira yake iende upande mmoja. Ya kwake ilikuwa imefika njia panda.

"Kama ni wewe," alisema hatimaye, "basi kosa limetoka nyumbani kwangu. Kosa la nyumbani kwangu silipi kwa kazi ya mtu mwingine." Akachukua nyundo yake, kubwa kuliko ya Lazzaro, akaanza kupanda ngazi ya upande wa pili. "Mguu ndio unaoshuka."

"Mwambie fundi asiguse mguu!" alipiga kelele Lazzaro, akiongeza mwendo.

"Mwambie mchoraji ashushe hiyo patasi!"

Wakafika juu pamoja, wakiwa wanahema, kila mmoja ameinua nyundo juu ya kazi yake mwenyewe.

"Simameni hapo hapo!" Bibi Scolastica alikuwa na miaka sabini na minne, lakini sauti yake iliwahi kusimamisha fahali. "Mkivunja wote wawili, bibi harusi ataamka Jumanne aone nini? Goti? Gervaso, mguu unataka siku ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Wewe mwenye rangi, malaika anataka siku ngapi?"

"Mbili, Bibi. Nikijikaza, moja na nusu."

"Na kesho jioni Bi Mkubwa anakuja kukagua. Siku iliyopo ni moja. Hesabu hiyo hata mimi nisiyejua kusoma naiweza. Mchoro ushuke, achorwe mwingine mwenye mguu wa kulia uliokunjwa. Mwanangu, pole."

"Asante, Bibi," alisema Lazzaro. Na Lonia alisikia kwamba anashukuru kwa dhati, kwa kuwa ameitwa mwanangu.

Alianza kuvunja kutoka chini: wingu, mguu, kifua, mabawa. Uso aliuacha mwisho. Aliuwekea kiganja kidogo, kama mtu anayepima homa ya mtoto, halafu akaweka patasi. Vipande vilidondoka sakafuni vikiwa bado na rangi. Lonia alikwenda kuchukua ufagio, akakuta haupo. Baba yake alikuwa nao. Fundi Gervaso, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kufagia uchafu wa mchoraji yeyote, alikuwa amekunja mgongo akikusanya vipande vile kimya kimya.

Waliporudi chumbani kwao, bakuli lake la supu lilibaki limejaa.

Kesho yake Lonia alipofika, alfajiri ikiwa bado ya kijivu, baba yake alikuwa juu tayari. Mtu aliyezoea kumpigia Lazzaro lipu alikuwa ameteguka mkono tangu Jumanne, na Lazzaro alitegemea kujipigia mwenyewe. Lonia akakuta kazi inafanywa. Fundi Gervaso alikuwa akitandaza lipu laini kwa mwiko, na mwiko wake ulikuwa ukitoa sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

Lonia alipanda kwa furaha. Alipofika juu, furaha ikamkatika.

Mpiga lipu huweka kiasi ambacho mchoraji ataweza kukimaliza kabla hakijakauka, hazidishi. Lipu mbichi hunywa rangi na kuishika milele. Ikikauka hufunga mdomo, na rangi utakayopaka hapo itapukutika kama unga. Kwa uso peke yake mtu huwekewa kipande kisichozidi sinia. Fundi Gervaso alikuwa ametandaza malaika mzima: kichwa, mabawa, kifua, mguu na wingu lake, kipande kikubwa kama shuka la kitanda.

"Baba," alinong'ona. "Hiyo ni kazi ya siku mbili."

"Naijua."

"Itamkaukia. Unataka ashindwe mbele ya Bi Mkubwa? Unataka niende Laino nikijua alishindwa?"

"Shika ndoo, Apollonia."

"Baba, jana ulifagia. Nilidhani..."

"Shika ndoo."

Lazzaro alikuwa amekwisha kufika nyuma yao. Aliitazama lipu ile kutoka pembe hadi pembe. Kisha akaanza kukunja mikono ya shati.

"Mwambie fundi asante," alisema kwa utulivu.

"Usimwambie yeye," alisema Fundi Gervaso, akafuta mwiko wake kwenye paja. "Mimi nipo hapa. Niambie mimi."

Lonia akashika ndoo kwa mikono yote miwili, maana mmoja haukutosha.

"Asante, fundi," alisema Lazzaro.

"Bado. Jioni utanishukuru, au utanitukana. Sikiliza. Ukiniwekea viraka viwili, maungio yataonekana kwenye kifua, na hakuna malaika mwenye mshono. Ndiyo maana nimempiga mzima. Wewe anza kichwani. Huku chini nitakushikia mimi isikauke."

Na akashika. Alifunika mabawa na kifua kwa vitambaa vibichi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kila Lazzaro alipokaribia kumaliza sehemu, Fundi Gervaso alifunua upana wa kiganja kimoja zaidi, si zaidi ya hapo. Lonia alichovya brashi kwenye maji na kunyunyiza pale baba yake alipoonyesha kwa kidole. Pembeni kulipoanza kupauka, mzee aliweka mdomo karibu na ukuta akapumulia, haa, haa, kama mtu anayepasha mikono ya mtoto. Wanaume wawili waliokuwa hawapeani hata salamu sasa walizungumza kwa maneno mafupi mafupi.

"Hapa."

"Nimeona."

"Fanya haraka, huku inavuta."

"Dakika moja, fundi."

"Huna dakika. Nakupa nusu."

Saa sita Bibi Scolastica alipanda jukwaa kwa mara ya kwanza katika miezi minane, akilaani kila ngazi kwa jina lake, na bakuli la maharage kifuani. Lazzaro hakuweza kuweka brashi chini. Bakuli likabaki hewani.

"Mlishe basi," alisema Fundi Gervaso, bila kumtazama binti yake. "Huoni mikono yake ina kazi?"

Lonia alichukua kijiko. Aliwahi kumpa Lazzaro sindano, karatasi, maji. Hakuwahi kumpa chakula. Lazzaro alifungua kinywa macho yakiwa ukutani, akatafuna, akafungua tena. Kijiko cha nne, macho yakageuka. Yalimtazama Lonia kwa muda mfupi tu, mfupi kuliko kumeza, lakini Lonia alihisi kana kwamba amefunikwa blanketi.

"Maharage yana chumvi?" aliuliza, ili aseme kitu.

"Sijui," alisema Lazzaro. "Sijui hata kama ni maharage."

"Ukutani!" alifoka Fundi Gervaso, na Bibi Scolastica akacheka mpaka akashika nguzo.

Uso haukurudi. Lazzaro alikuwa amesema kweli, ule wa kwanza usingerudi. Ulikuja mwingine, usio na uzuri mkali kama ule, lakini wenye utulivu, uso wa mtu aliyesikia habari njema na bado hajamwambia mtu. Fundi Gervaso aliutazama akiwa bado ameshika kitambaa. "Huyu namwamini," alisema. "Yule wa jana alikuwa anajiona."

Goti lilikuwa la mwisho, pale rangi inapokutana na lipu. Hapo hawakusemeshana kabisa. Fundi Gervaso alikwangua ukingo wa mguu wake unene wa ukucha. Lazzaro akatia kivuli. Mzee akakwangua tena. Kijana akaongeza rangi ya nyama. Mikono yao ilipishana, mmoja juu, mwingine chini, yote imejaa chokaa, mpaka Lonia aliyekuwa ameshika taa ya mafuta kuwamulikia hakujua tena upi wa nani.

Kengele za sala ya jioni zilikuwa zikilia Bi Mkubwa Violante alipoingia na upepeo wake mkononi na gauni lenye sauti. Mbao za jukwaa upande wa dirisha zilikuwa zimeondolewa. Alisimama katikati ya chumba, akainua kidevu. Mafundi walisimama ukutani, kofia mikononi. Lonia alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali.

"Mguu wa lipu," alisema Bi Mkubwa baada ya muda, "unaanzia wapi?"

Lazzaro akamtazama Fundi Gervaso. Fundi Gervaso akamtazama Lazzaro.

"Hata mimi sijui tena, Bi Mkubwa," alisema mzee.

Bi Mkubwa alicheka kwa furaha, kama msichana, akasema mwanawe ana bahati, akawashukuru wote mmoja mmoja, hata Bibi na sufuria yake, akaondoka.

Mlango ulipofungwa, Fundi Gervaso alikaa chini, sakafuni, miguu imenyooka mbele yake. Ghafla alionekana mzee.

"Nilipomtaka mama yako," alimwambia Lonia, "kaka zake walinipeleka kwenye ukuta wa ghala lao. Wote watatu. Wakaniambia, upige lipu wote leo, peke yako, ndipo tuongee. Ulikuwa ukuta wa watu wanne. Nilijua wananifukuza. Mama yako akaja, akashika ndoo, akasema hakuna aliyesema yeye asishike. Tulimaliza nyota zikitoka." Alikwangua chokaa ukuchani. "Sikuwahi kumshukuru vizuri. Nilidhani nina muda. Jana ulipolisimamia jambo lako mbele ya kila mtu, nilimsikia yeye. Nikafika nyumbani sikuweza kula."

"Uliiacha supu yangu," alisema Bibi. "Nikadhani unaumwa."

"Na Protasio, Baba?" aliuliza Lonia, kwa sauti iliyokuwa inaogopa kujisikia.

"Protasio niachieni mimi," alisema Bibi. "Nitamuuliza kama alilala salama, halafu nitamwambia. Atakuwa amepona kabla ya Noeli."

"Nimesema kitu mimi?" alisema Fundi Gervaso. "Sijasema ndiyo. Mke haombwi Genova. Anaombwa Laino, jikoni, mbele ya wajomba zake, na wajomba zake wote watatu wako hai na wana maswali. Wewe. Lazzaro." Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kulitamka jina lile, akalitamka kama anapima uzito wake. "Unaweza kutembea siku nane?"

"Naweza, fundi."

"Kwa viatu hivyo?"

"Ninavyo hivi tu."

"Utafika huna. Na ukioa, kila mwaka majira ya baridi utakuwa kule, si huku. Utakula njugu za milimani mpaka zikutoke puani. Watu watakucheka unavyoongea."

"Wananicheka tayari," alisema Lazzaro. "Baba, asan..."

"Fundi!"

"Fundi. Asante."

"Asante ya nini? Umechora mwenyewe." Lakini alikohoa, akajifuta pua kwa mkono, na chokaa ikabaki kwenye masharubu.

Bibi Scolastica alikuwa ameshatoa chupa ndogo ya mafuta ya kokwa za jozi kwenye kikapu. Chokaa hula ngozi. Kazi ikiisha, mikono ya mafundi huwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Bondeni kwao mwanamke hupaka mafuta mikono ya wanaume wa nyumbani kwake: baba, kaka, mume. Mwanamume wa nje hapakwi naye. Huchukua chupa akaenda kujipaka mwenyewe pembeni. Lonia alipiga magoti, akachukua mikono ya baba yake, akaisugua polepole, kidole kwa kidole, mpaka nyufa zikanywa mafuta. Moyoni alikuwa na asante nyingi kiasi kwamba hakujua aanze na ipi, kwa hiyo alisugua tu. Mzee alifumba macho.

Lazzaro alisimama kwa adabu, akanyoosha mkono kuomba chupa, aende dirishani.

"Kaa," alisema Fundi Gervaso, macho bado yamefumbwa. "Unakwenda wapi? Lonia, hujamaliza. Kuna mikono mingine miwili hapa."

Lazzaro akakaa. Akaiweka mikono yake magotini, viganja juu, yenye buluu kwenye kucha na damu kidogo pale patasi ilipomparuza. Lonia akamimina mafuta kiganjani mwake, akaanza na kidole gumba, kidole kwa kidole, kama alivyofanya kwa baba yake.